Mashine ya Useremala Iliyotumika: Msinunue Mbuzi Kwenye Gunia

Vikundi vingi vya useremala hufikia siku ambayo mtu anasimama mkutanoni na kusema, "Sasa tununue mashine." Mikono imechoka na randa. Milango ya wateja inachelewa. Kila mbao zikitaka kunyooshwa zinabebwa hadi mjini na kulipiwa. Mashine mpya bei yake haishikiki, kwa hivyo macho yanaelekea kwa ile iliyotumika, hasa ile ya kazi nyingi.

Hilo si wazo baya. Mashine nzito ya chuma ikitunzwa vizuri inaweza kufanya kazi miaka 30 na zaidi. Lakini pesa za kikundi ni jasho la watu wengi: mama aliyeuza mayai, kijana wa bodaboda, mzee aliyeuza mbuzi. Mashine ikiharibika wiki ya pili, kinachovunjika kwanza ni kikundi chenyewe. Kwa hivyo neno kubwa la makala hii ni moja: msilipe mpaka mmeiona mashine ikikata mbao zenu wenyewe, kwa stima ya aina mliyo nayo kwenu.

MASHINE HII NI KITU GANI?

Ni mashine moja yenye kazi tano. Kuna msumeno wa duara wa kupasua na kukata. Kuna randa ya juu ya kunyoosha uso na ukingo wa ubao. Kuna sehemu ya chini ya kusawazisha unene, ambayo mafundi huiita thiknesa. Kuna mhimili uliosimama wa kuchonga mapambo na mifereji, yaani spindo. Na pembeni kuna meza ndogo ya kutoboa matundu ya kuingiza ndimi za fremu.

Mashine za namna hii zimetengenezwa kwa wingi Ulaya. Majina mtakayoyaona kwenye mashine kuukuu ni kama Felder ya Austria, Robland ya Ubelgiji, Kity na Lurem za Ufaransa, au Minimax ya Italia. Ziko pia za kutoka India na Uchina. Na mafundi wetu wa jua kali, kama wale wa Kariobangi mjini Nairobi, huunda zao za msumeno na randa kwa vyuma vya kuchomelea.

Uzuri wake ni kwamba inakaa mahali padogo na mnanunua kitu kimoja badala ya vitano. Ubaya wake ni kwamba haifanyi kazi tano kwa pamoja. Mtu akiwa kwenye thiknesa, wa msumeno anangoja. Kutoka kazi moja hadi nyingine kuna kufungua, kuinua meza na kupima upya. Tena kama ina mota moja tu, mota hiyo ikiungua karakana nzima imelala. Mashine hii inafaa mafundi wawili au watatu wanaotengeneza milango, madirisha, viti na vitanda. Haifai kupasua magogo, wala haifai mbao kuukuu zenye misumari. Msumari mmoja unatosha kuharibu visu vyote.

KWANZA HESABU, HALAFU MASHINE

Kabla ya kwenda kuangalia mashine yoyote, chukueni daftari. Kwa miezi mitatu andikeni kila shilingi mliyolipa kupasuliwa na kupigiwa randa mjini, pamoja na usafiri. Andikeni pia kazi mlizokataa kwa sababu mikono haikutosha. Kama jumla ni ndogo, basi bado hamhitaji mashine, mnahitaji wateja. Endeleeni kulipia mjini.

Jambo la pili ni mbao. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na waliotegemea saipresi ya msitu wa serikali wakapata taabu ya mbao na bei zikapanda. Julai 2023 ilitangazwa kwamba katazo hilo limeondolewa, kisha jambo lenyewe likapelekwa kortini. Funzo ni kwamba mashine bila mbao ni meza ya kuanikia nguo. Jueni mbao zenu zitatoka shamba la nani.

Jambo la tatu: bei ya mashine si gharama yote. Tuchukue mfano wa hesabu tu (bei za kwenu ulizeni wenyewe):

- Mashine: sh. 300,000
- Lori na watu wa kupakia na kushusha: sh. 15,000
- Waya, swichi na kazi ya fundi wa stima: sh. 60,000
- Sakafu ya zege na paa: sh. 25,000
- Visu, misumeno, beringi na mikanda ya kuanzia: sh. 30,000
- Mbao za kwanza: sh. 70,000

Jumla ni sh. 500,000. Mnaona? Mashine ni sehemu tatu kwa tano tu ya pesa zote. Kikundi cha watu 25 wanaochanga sh. 200 kila wiki hupata sh. 5,000 kwa wiki, kwa hivyo watachukua wiki 100, karibu miaka miwili, kufikia hapo. Kikundi kinachotumia akiba yote kununua mashine kitabaki na mashine iliyofunikwa turubai.

STIMA: HAPA NDIPO WENGI HUNASWA

Kenya stima ya kawaida ya nyumbani na ya duka ni ya fezi moja, volti 240. Viwanda na visagio vikubwa hutumia fezi tatu, volti 415. Mashine nyingi za useremala zilizotoka katika karakana za Ulaya ni za fezi tatu. Ukiileta kijijini kwenye fezi moja haitazunguka, hata ungeinunua kwa bei gani.

Njia zipo, lakini kila moja ina gharama yake:

1. Kuomba fezi tatu kutoka Kenya Power. Gharama hutegemea umbali wenu kutoka kwa transfoma na uwezo wake. Pateni makadirio kwa maandishi kabla ya kutoa hata shilingi ya arabuni kwa mwenye mashine.

2. Kubadilisha mota. Kwa fezi moja, mota ya nguvu za farasi 3 (kama kilowati 2.2) ndiyo karibu na mwisho kwa karakana ndogo. Hiyo peke yake hula karibu ampea 14 ikiwa na mzigo, na inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa zaidi. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Kwa hivyo mota itahitaji waya wake mzito kutoka kwa boksi la stima. Mota mpya iwe na mwendo uleule, na mhimili wake uingie kwenye puli iliyopo.

3. Kufunga kifaa cha elektroniki kinachogeuza fezi moja kuwa tatu. Hiki hutoa volti kama 230, kwa hivyo fundi asome kwanza sahani ya mota. Ikiandikwa 230/400 mara nyingi inawezekana. Ikiandikwa 400/690 kifaa hicho hakitaifaa.

4. Jenereta. Msidanganyike kwamba jenereta ndogo ya nyumbani itatosha. Ile ya kVA 3 mara nyingi haitaweza kuanzisha mota ya kilowati 2.2, kwa sababu ya ule mvuto wa mwanzo.

Angalieni pia hezi. Stima yetu ni ya hezi 50. Mashine ya Marekani imeundwa kwa hezi 60, na nyingine kwa volti 110 au 120. Hata ukipata transfoma ya kurekebisha volti, mota itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na visu havitatoa uso laini.

INATOKA WAPI?

Mashine nzuri zaidi mara nyingi ni ile ya fundi anayestaafu au karakana inayofunga, kwa sababu mwenyewe yuko na anaweza kukuonyesha inavyofanya kazi. Vyuo vya ufundi na shule pia huuza vifaa kwa mnada. Hapo mashine inaweza kuwa haijatumika sana, lakini mnada huuza kitu kama kilivyo, na ukishalipa hakuna kurudisha. Wauzaji wa mjini wanaoleta kutoka nje wanaweza kuwa na mashine imara, ila wengine hupaka rangi mpya juu ya shida za zamani.

Fundi wa jua kali ana faida moja kubwa: ikiharibika unajua mlango wake. Lakini mashine nyingi za namna hiyo huja bila kinga za visu. Agizeni kinga mapema, ziwe sehemu ya bei, si maombi ya baadaye.

UKAGUZI: HATUA NANE

Msiende na mwenyekiti peke yake. Nendeni watu watatu: fundi seremala anayejua mashine, fundi wa stima, na mweka hazina. Mweka hazina asiwe na pesa mfukoni siku hiyo. Bebeni rula ndefu ya chuma iliyonyooka, tepu ya kupimia, tochi, karatasi, na mbao zenu nne zilizokauka, mbili za saipresi na mbili za mti mgumu.

1. Someni sahani ya mota na sahani ya mashine. Andikeni volti, fezi, hezi, nguvu na namba ya mashine. Sahani iking'olewa, ulizeni kwa nini.

2. Angalieni chuma. Meza na miguu ya mashine za kiwandani mara nyingi ni chuma kilichomiminwa, ambacho hakipindi bali hupasuka kikidondoshwa. Tafuteni ufa kwa tochi, na alama za kuchomelea zilizofichwa chini ya rangi. Kutu ya juu si neno, inasuguliwa. Ufa kwenye meza au kwenye kiti cha beringi ni sababu ya kurudi nyumbani.

3. Pimeni meza. Laza rula juu ya meza mbili za randa, kwa urefu na kwa mshazari, kisha jaribu kupitisha karatasi chini yake. Karatasi ikipita kidogo mahali pamoja, pengine inarekebishika. Meza ikiwa na bonde, kila ubao utatoka na bonde hilo.

4. Shikeni mihimili. Kwanza stima ikatwe kabisa kwenye boksi. Kisha shika mhimili wa msumeno, wa visu na wa spindo, uutikise juu na chini. Ukicheza, beringi zimekwisha. Zungusha kwa mkono usikie kama kuna mchanga ndani. Beringi hubadilishwa, lakini mhimili uliopinda ni shida ya pesa nyingi.

5. Chunguzeni kichwa cha visu. Kiwe cha mviringo. Kile cha zamani cha mraba huvuta mkono ndani na kukata vibaya sana, msikinunue hata kwa bei ya bure. Angalieni visu vimebaki upana gani, na kama boliti za kuvibana bado zina meno mazima. Kisu kinachochomoka kikizunguka ni kama risasi.

6. Washeni ikiwa baridi. Mkikuta mashine imeshapashwa moto kabla hamjafika, subirini ipoe. Mashine mbovu huficha tabia yake ikiwa moto. Iache izunguke bila mzigo kwa nusu saa. Sikilizeni mluzi, mkwaruzo au mlio wa kugonga. Simamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza, mbali na msumeno. Ikiendelea kusimama, mtetemeko ni mdogo. Kisha zimeni, kata stima, mguse viti vya beringi. Joto la kawaida si neno, lakini kama mkono haukai hapo, kuna ubovu.

7. Kateni mbao zenu. Pigeni randa kingo za mbao mbili, zishikanishe uso kwa uso na mzielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati au mwishoni, meza haziko sawa. Pitisha ubao kwenye thiknesa kisha pima pembe zake zote nne. Ubao ukikwama au kuteleza, magurudumu ya kuvuta yamelika. Kwenye msumeno, kata ubao mpana, geuza kipande kimoja juu chini, uviunganishe tena. Pengo likionekana, kipimo cha pembe si cha kweli. Jaribuni mti mgumu pia, kwa sababu mti laini huficha uchovu wa mota.

8. Mwambieni muuzaji ageuze kazi zote tano mbele yenu. Asiseme "hiyo nyingine iko sawa tu." Hapo ndipo mtajua kama kuna mkono uliopotea, spana maalum isiyokuwepo, au meza ya kutoboa ambayo haijawahi kufungwa. Kila kitu kinachotenganishwa kiandikwe kwenye orodha.

VIPURI: NINI KINAPATIKANA, NINI HAKIPATIKANI

Beringi zina namba za dunia nzima. Kwa mfano 6205 ni tundu la milimita 25 na upana wa nje wa milimita 52, awe ametengeneza nani. Mikanda pia ina namba mgongoni. Mota na swichi hupatikana. Hivyo vikiwa vibovu, pigeni bei chini kisha mvibadilishe.

Tofauti ni kwa vitu vya mashine hiyo pekee: meno ya kuendesha thiknesa, mikono ya kubadilisha kazi, chuma cha kuongozea ubao, meza yenyewe. Kiwanda kikiwa kimefungwa au kimeacha modeli hiyo, mtamtegemea fundi wa kukereza chuma, na hiyo ni gharama. Mashine isiwe na upungufu wowote wa namna hiyo.

Pimeni pia matundu. Misumeno ya mashine za Ulaya mara nyingi ina tundu la milimita 30, za Marekani mara nyingi inchi 5/8. Spindo za zamani za Uingereza nyingi ni inchi 1¼, na kisu cha milimita 30 hakiingii. Kabla ya kununua, pitieni duka la vifaa mjini muulize kama saizi yenu wanayo.

VIDOLE HAVINA VIPURI

Mashine ya bei rahisi ikikosa kinga si rahisi tena. Msumeno uwe na kifuniko juu, na nyuma yake ule ulimi wa chuma unaozuia ubao kubana na kurushwa kifuani kwa fundi. Randa iwe na kinga inayofunika visu visivyotumika. Swichi ya kuzima iwe kubwa, karibu na mkono, na stima ikipotea na kurudi mashine isijiwashe yenyewe. Kama ina mota moja, hakikisheni kila kazi inaweza kutenganishwa, hivi kwamba mtu akiwa kwenye randa msumeno hauzunguki nyuma yake.

Kenya tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na ya mwaka huohuo ya Fidia ya Majeraha Kazini. Mkiajiri fundi hata mmoja, usalama wake na bima yake ni jukumu lenu. Andikeni sheria za karakana ukutani: hakuna glavu wala mikono mirefu kwenye mashine, hakuna leso inayoning'inia, vipande vidogo vinasukumwa kwa kijiti, watoto hawaingii. Na asiyefundishwa asiguse, hata kama amechanga zaidi ya wote.

KULIPA NA KARATASI

Msilipe siku ya ukaguzi. Rudini nyumbani, wale watatu watoe ripoti mkutanoni, na uamuzi uandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu. Kama muuzaji anawaharakisha kwamba kuna mteja mwingine anakuja jioni, mwacheni amuuzie huyo. Haraka haraka haina baraka.

Mapatano yawe ya maandishi: namba ya mashine, orodha ya vifaa vyote, nani anasafirisha, na nani analipa ikidondoka njiani. Jaribuni kukubaliana kwamba sehemu ya pesa italipwa baada ya mashine kuzunguka kwenu. Lipeni kwa benki au kwa simu ili ushahidi ubaki. Pateni nakala ya kitambulisho cha muuzaji na ithibati kwamba mashine ni yake kweli. Risiti iandikwe jina la kikundi, si la mwenyekiti. Kwa sababu hiyo kikundi kiwe kimesajiliwa, sasa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Wengi wameishia kwa chifu kwa sababu mali ya watu 20 iliandikwa jina la mmoja.

IKISHAFIKA

Ikaeni sawasawa kwenye zege, mpime meza upya, kwa sababu safari huhamisha vitu. Wekeni daftari la mashine: tarehe, nani ameitumia, saa ngapi, nini kimeharibika. Wanachama wanaotumia kwa kazi zao binafsi walipe, hata kama ni kidogo. Mkitenga sh. 300 kila siku ya kazi, kwa siku 20 za mwezi ni sh. 6,000, na kwa mwaka sh. 72,000. Huo ndio mfuko wa visu, beringi na mota. Kikundi chenye mfuko huo hakiombi harambee kila kitu kikivunjika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika miezi mitatu iliyopita tumelipa kiasi gani kwa kupasuliwa na kupigiwa randa mbao?
2. Stima yetu ni ya fezi ngapi, na nani amethibitisha?
3. Ni watu gani watatu tunaowaamini kwenda kukagua, na nani kati yao anaweza kusema "hapana" mbele ya muuzaji?
4. Mashine ikilala mwezi mmoja kwa ubovu, mafundi wetu watakula nini?
5. Nani atawafundisha watakaoitumia, na nani atakuwa na ufunguo?